Nyota ya babu ilibaki kwenye pembe ya gunia la skrepa: Arusha na Moshi tunatunzaje kumbukumbu za vita?

MLETA UZI (Arusha)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeubeba moyoni karibu miaka miwili.

Mwaka juzi tulimzika bibi yetu Old Moshi. Baada ya matanga, wajukuu tukapewa kazi ya kusafisha nyumba ya zamani iliyo katikati ya kihamba, shamba la ukoo la migomba. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati la kijani, lenye kufuli, ambalo tangu utotoni tulikatazwa hata kulisogelea. Mimi nilikuwa nimeshuka mjini kulipia hema na viti. Niliporudi jioni sanduku limeshavunjwa, makaratasi yamechomwa pamoja na magodoro, na kila cha chuma kimepimwa kwenye mizani ya kijana wa skrepa aliyepita na mkokoteni. Kilo tatu na kidogo. Mdogo wangu aliyeuza hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliona sahani ya bati, bizimu za mkanda, chupa ya maji ya jeshi iliyotoboka na "vinyota" vyeusi.

Nilitoka mbio hadi barabara ya lami. Kijana wa watu akamwaga gunia pale pale, tukapekua wote wawili kwa tochi ya simu. Tulichopata ni kimoja, kilikuwa kimenasa kwenye pembe ya gunia: nyota ya ncha sita, inaenea kwenye kiganja cha mtoto. Katikati ina taji na herufi za mfalme zilizofungamana, na kuizunguka maandishi ya Kiingereza, THE BURMA STAR. Utepe wake umebaki kipande cha kucha: bluu iliyokolea, nyekundu katikati, na uzi mwembamba wa rangi ya chungwa. Ukiigeuza, nyuma ni tupu. Hakuna jina.

Nishani ambazo Waingereza waliwapa askari wao baada ya Vita Kuu ya Kwanza zilichongwa ubavuni au nyuma namba, cheo, jina na kikosi. Nyota za vita vya pili, vile ambavyo wazee wetu huviita vita vya Hitler, zilitolewa bila jina. Kwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Kiingereza la Waafrika wa huku Afrika Mashariki), au Keya kama wazee walivyosema, jina lilikuwa kwenye karatasi za kuachishwa kazi na kwenye kijitabu cha mshahara. Hizo ndizo zilizochomwa na magodoro. Kwa hiyo nina nyota, lakini hakuna chochote duniani kinachoonyesha kwamba ni ya babu yangu isipokuwa neno langu.

Na mimi nikaongeza kosa juu ya kosa. Usiku ule ule niliichukua nikaisugua kwa majivu na ndimu, kama tulivyokuwa tunasugua masufuria. Iling'aa kweli. Asubuhi nikaona kingo za taji zimelainika na herufi zimefifia. Kile cheusi kilichokuwa juu yake kilikuwa ngozi iliyoilinda kwa miaka 70 na zaidi, nami nikaibandua kwa dakika kumi.

Ndipo nilipoanza kujiuliza: huku kwetu kaskazini, ambako vita vimepita juu ya vihamba vyetu mara kadhaa, kumbukumbu ziko wapi?

Maana huku kulikuwa uwanja wa vita hasa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliweka makao yake Moshi. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza walishambulia Longido, pale pale tunapopita kwenda Namanga, wakarudishwa. Siku hizo hizo wenzao walikuwa wanachapwa Tanga. Machi 1916 Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, alipenya kutoka Taveta, Moshi ikachukuliwa, na tarehe 21 mwezi huo kukawa na mapigano makali Kahe.

Kahe napenda nikae nayo kidogo, kwa sababu pale historia ya bahari ilipanda mlimani. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar. Kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi 11 Julai 1915, ilipomalizwa na meli mbili za Waingereza zilizoweza kupita maji mafupi, Severn na Mersey. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake kumi. Waliitoa majini, wakaipeleka Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja ulifika Kahe. Walipoona wanazidiwa, waliulipua wenyewe kabla ya kuvuka kwenda kusini. Fikiria, wakuu: mzinga wa meli ya vita, katika nchi ya mpunga na mahindi, mahali ambapo hakuna hata harufu ya chumvi.

Ndugu zake wengine wapo. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, yaani maadui wawili wa Zanzibar wamekaa pamoja mlangoni. Mwingine uko Pretoria. Mtoto wa shule wa Mombasa anaugusa kwa mkono wake. Mtoto wa Kahe hajui hata kwamba ulifika kwao.

Sisemi hatuna makumbusho. Arusha lipo Boma la Mjerumani, jengo lenyewe lilikuwa ngome ya kijeshi tangu 1900, na leo ni makumbusho ya elimu viumbe. Lipo Makumbusho ya Azimio la Arusha, ambalo lina picha nzuri za safari ya uhuru. Lakini ukimuuliza mtu wa Arusha au Moshi ataipeleka wapi nyota ya babu, au barua ya mjomba aliyekwenda Kagera, nani ataipokea, ataiandika kwenye daftari gani, utaona anakutazama tu. Naomba tuzungumze.

MDAU WA KAHE

Mkuu, umenigusa. Mimi nimezaliwa huku huku. Nikiwa mdogo tulikuwa tunaokota maganda ya risasi tukilima, tunayapuliza kama filimbi. Siku hizi tatizo letu ni wachimbaji wa "mali ya Mjerumani". Wanakuja usiku na mashine za kutafuta chuma, wanafukua mawe ya zamani, misingi ya nyumba, hata makaburi. Mtu kawaambia kuna dhahabu. Asubuhi unakuta shimo la urefu wa mtu na vipande vya chuma vimetupwa pembeni kwa kuwa si dhahabu. Hivyo vipande ndivyo historia yenyewe, lakini nani atajua tena vilitoka kina gani na vilikuwa vimelala na nini?

MLETA UZI

Asante sana mkuu. Hilo la "vimelala na nini" ni zito kuliko watu wanavyodhani. Bizimu ikikutwa pamoja na kitufe na ganda la risasi lenye alama ya mwaka kitakoni, vitatu hivyo vinakuambia alikuwa askari wa upande gani na vita vya mwaka gani. Ukizing'oa na kuzitawanya, zinakuwa vyuma vitatu.

Kuhusu fedha za Mjerumani, zipo kweli, ila si kama wanavyoota. Mwaka 1916 Tabora, walipokuwa wamezingirwa na meli za kuleta fedha hazifiki, Wajerumani walifyatua sarafu zao wenyewe, za shaba nyeupe na za shaba nyekundu za heller 5 na 20, na chache za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Neno letu "hela" limetoka kwenye hiyo heller. Ukiokota moja shambani, usiisugue, na usiiuze kabla hujaandika ulipoiokota.

Na tafadhali sana, ndugu zangu wa Kahe, Longido na kote mlikopita vita: ukikuta kitu kizito chenye umbo la chupa au yai, chenye ncha au pete, usikiguse. Hata kama kina miaka 100. Weka alama mbali nacho, waite polisi. Bunduki kuukuu nayo, hata iliyooza kutu, haikai nyumbani bila kibali. Sheria ya silaha ya 2015 haina msamaha kwa kuwa ni ya babu.

MDAU WA MERU

Naomba nitofautiane kwa heshima. Kwa nini tutunze vitu vya vita vya wakoloni? Vile havikuwa vita vyetu. Babu zetu walikamatwa kwa kamba wakabebeshwa mizigo. Kuiweka nyota ya mfalme wa Uingereza kwenye kioo ni kuutukuza utumwa. Kama ni makumbusho, tuweke ya Mangi Meli na mashujaa waliokataa.

MLETA UZI

Kaka, nimekaa na swali lako siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu nami nimewahi kulisema.

Mimi ni mtu wa Old Moshi. Mangi Meli, mtawala wetu wa zamani, tunamjua kabla hatujajua kusoma. Mwaka 1892 vijana wake waliwashinda Wajerumani na kumuua afisa wao. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu zaidi. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga kwenye mti, pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Kwa hiyo mashujaa wako na wangu walikufa siku moja. Fuvu la Meli ukoo wake umelitafuta Ujerumani miaka na miaka, na mpaka leo halijapatikana.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walilinganisha vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro na vinasaba vya watu walio hai huku kwetu. Mafuvu matatu yakapata ndugu zao. Moja ya hayo lilikuwa limeandikwa juu yake neno "Akida". Neno moja lililoandikwa na mkono wa aliyeiba ndilo lililowafikisha kwenye ukoo wa akida wa Meli. Mafuvu mengine mengi yaliyokaa kwenye maboksi hayana hata neno hilo moja.

Ndiyo maana sikubaliani na kuacha vitu vya mkoloni vipotee. Mle ndani ndimo walimofungiwa watu wetu. Wale wapagazi uliowataja waliokamatwa kwa kamba walikufa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na malaria, na wengi hawakuandikwa popote. Kariakoo ya Dar imeitwa hivyo kwa ajili yao, Carrier Corps, na tunapita pale tukinunua vitenge bila kukumbuka. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Nenda makaburi ya vita pale Moshi, utaona mawe yenye majina yamepangwa kwa mistari. Mpagazi wa Kibosho yuko wapi? Hakuna anayejua. Kama familia moja tu ya Kibosho imebaki na kipande cha kitambulisho chake, kipande hicho kinapinga ukimya wote huo.

Babu hakuwa mtumwa wala hakuwa mtukufu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliyepelekwa mbali. Nataka ajulikane alivyokuwa.

MDAU WA MERU

Nimekuelewa mkuu. La "Akida" sikulijua. Ila kwenye kioo hicho iandikwe na kamba, isiandikwe nishani peke yake.

MLETA UZI

Iandikwe na kamba. Hapo tuko pamoja kabisa.

MDAU WA MONDULI

Wakuu, mzee wangu alipigana Kagera, kuanzia Mutukula hadi ndani kabisa ya Uganda. Yu hai, ana miaka 70 na zaidi. Ana picha moja akiwa na wenzake juu ya lori, nishani yake, na barua alizoandikiana na mama. Picha nimeipeleka stationari wakaipiga laminesheni isiharibike. Nimefanya vizuri? Na nimuulize nini mzee? Kila nikimwuliza habari za vita ananyamaza.

MLETA UZI

Mkuu, pole, laminesheni ni adui wa picha. Joto lile linaunganisha plastiki na uso wa picha moja kwa moja, na baada ya miaka plastiki inageuka njano na haitoki tena bila kuchuna sura za watu. Iliyokwisha kufanyika usijaribu kuifungua. Ipige picha nzuri sasa hivi, mchana, kivulini karibu na dirisha, simu ikiwa imenyooka juu yake, bila flashi. Tunza nakala sehemu mbili tofauti. Barua usizifanyie hivyo kabisa.

Nitaandika hapa yote niliyojifunza kwa watu wa makumbusho wawili watatu waliokubali kuniketisha chini, na mengine kwa makosa yangu:

Karatasi na picha: zikae kavu, gizani, zimelala, si zimekunjwa. Masika huku kwetu ndiyo muuaji, Machi hadi Mei ukungu unaota hadi kwenye viatu. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke ndani ya boksi. Selotepu marufuku, gundi marufuku. Ukitaka kuandika jina nyuma ya picha, tumia penseli laini, na uandike pembeni, si nyuma ya sura ya mtu. Mafaili ya plastiki laini yenye harufu kali hayafai, ile harufu ndiyo sumu yenyewe, hushika nishani ikaota kijani.

Nguo: nondo wakiingia, funga nguo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyumbani wiki mbili, kisha uiache irudi joto la kawaida kabla hujafungua mfuko. Usifue. Jasho na vumbi la mtu vilevile ni habari. Ila sare ya jeshi ya sasa raia hatakiwi kuivaa, ieleweke.

Chuma chenye kutu: futa kwa brashi kavu laini, kisha nta ya nyuki kidogo sana. Maji hapana. Shaba na fedha: usisugue, usisugue, usisugue. Shika kingoni, vidole vyetu vina chumvi.

Sasa mzee. Mimi nilipoteza nafasi ya kumwuliza babu, kwa hiyo hili nalisema kwa uchungu. Usimwulize "uliua wangapi". Usimwulize hata "vita vilikuwaje". Mwekee picha ile mkononi, umwulize: huyu wa kushoto jina lake nani? Alitoka wapi? Mlikuwa mnakula nini siku hiyo? Lori hilo lilikuwa la nani? Kisha nyamaza wewe. Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, anza kwa kutaja tarehe na mahali. Siku ya kwanza akitaja jina moja tu, shukuru, rudi wiki ijayo. Na mama yako mhoji kivyake. Aliyebaki nyumbani 1978 na 1979 akisikiliza redio na watoto, naye alikuwa vitani kwa namna yake, na barua moja kati ya mbili ni zake.

MDAU WA MONDULI

Asante sana kaka. Barua za mama sikuwahi kuzifikiria.

MDAU WA MARANGU

Mimi nina onyo. Familia yetu ilitoa picha ya baba mkubwa akiwa na sare ya KAR kwa taasisi moja ambayo sitaitaja, ikawekwe kwenye maonyesho. Ilichukuliwa kwa mdomo tu, "tutawarudishia". Maonyesho yakaisha, waliokuwepo wakahamishwa, waliofuata hawaijui. Ilikuwa picha pekee. Shangazi yangu alikufa akiiulizia.

MLETA UZI

Pole sana, dada. Hii ndiyo sababu watu wanaficha masanduku chini ya vitanda mpaka yanafika kwa skrepa.

Kwa anayesoma: kutoa na kuazima ni vitu viwili. Ukitoa, kimekwenda. Ukiazima, kina tarehe ya kurudi. Vyote viwili viandikwe, visainiwe pande mbili, na kitu kipewe namba ya usajili mbele yako. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi yako pamoja na picha ya kitu chenyewe. Makumbusho yoyote inayojiheshimu haiudhiki ukidai hivyo, kazi yao nzima imesimama juu ya daftari hilo. Wasipokuwa na daftari, rudi nyumbani na picha yako.

MDAU WA MOSHI MJINI

Mimi naleta hoja ya mahali. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Taita na Taveta, vita ni vile vile, kilima cha Salaita ni mwendo mfupi tu kutoka Holili. Wao wana makumbusho ndogo ya vita ndani ya hoteli Taita Hills, na watalii wanazungushwa kwenye maeneo ya mapigano. Songea wana Makumbusho ya Maji Maji, na kila 27 Februari wanakumbuka walionyongwa 1906. Sisi tuna mlima, tuna wageni kila siku, kwa nini tusiwe nayo?

MLETA UZI

Mkuu, umetaja Songea na hapo ndipo ninapotaka tufike. Songea hawakuanza na jengo kubwa. Kulikuwa na makaburi, kulikuwa na koo zilizojua nani amelala pale, makumbusho ikafuata. Hata huku karibu, nendeni Tengeru mkaone makaburi ya wakimbizi wa Poland. Walikuja wakati wa vita vya pili, takriban 5,000, wengi wanawake na watoto, wakajengewa vijumba vya duara. Walibaki wachache, wengine wakalala pale pale. Makaburi yamefagiliwa, majina yanasomeka, kuna chumba kidogo cha picha, na mtu wa kukusimulia. Kuna anayejali, basi. Nilisimama pale nikajiuliza kwa nini mtoto wa Poland aliyekufa Tengeru 1943 ana jina, na mpagazi wa Mbuguni hana.

Jengo litakuja au lisije. Kinachowezekana mwezi huu ni daftari. Napendekeza kila ukoo uwe na moja: kitu ni nini, kilikuwa cha nani, kilipatikana wapi, nani amesimulia na lini, picha yake. Nakala moja ikae kwa ukoo, moja shule ya kata au parokiani. Majina ya waliokufa mnaweza kuyatafuta bure kwenye tovuti ya ile tume ya makaburi, na shajara za vikosi vya KAR zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Kule kuna mambo ya kikosi. Mtu mwenyewe hayuko kule, yuko kwenye kumbukumbu ya shangazi yako.

MDAU WA TANGA

Naongeza dogo, mkiruhusu mgeni. Msisahau meli ya Liemba kule Kigoma. Ilijengwa Papenburg 1913 kwa jina Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande kwenye makasha, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 mitambo ikiwa imepakwa grisi, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Imebeba abiria wetu miaka mingi. Mafundi wale walioipaka grisi walijua kutunza kitu.

MLETA UZI

Karibu sana, mgeni wa nyumbani. Umesema kweli, grisi ile ndiyo iliyookoa.

MLETA UZI (nyongeza, wiki tatu baadaye)

Wakuu, narudi na habari.

Baada ya kuandika yote haya niliona aibu kwamba nawashauri watu na mwenyewe sijamhoji shangazi yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa babu, ana miaka 80 na kitu. Jumamosi nikapanda Old Moshi. Nikamwekea ile nyota mkononi, nikanyamaza kama nilivyomwambia mkuu wa Monduli.

Alikaa nayo muda mrefu. Akasema hajui habari za vita, baba yake hakusimulia. Anachokumbuka ni kwamba hakupenda mvua ikinyesha usiku, alikuwa anaamka na kukaa mlangoni. Halafu akaanza kuzungumza habari za ng'ombe, nikadhani amechoka. Akasema ng'ombe wa kwanza ambaye babu alimnunua kwa fedha za jeshi alimpa jina Kalewa. Watu wa kijiji walikuwa wanacheka, ng'ombe gani anaitwa kalewa, kwani anakunywa mbege? Babu hakujibu. Huyo ng'ombe alipokufa, ndama wake naye akaitwa Kalewa. Mpaka babu anafariki palikuwa na Kalewa zizini. Mimi mwenyewe nimemchungia Kalewa mmoja nikiwa darasa la tatu, na siku zote nilidhani ni mlevi.

Nilishuka Moshi jioni ile, nikafungua ramani kwenye simu ndani ya daladala. Kalewa ni mji Burma (leo Myanmar), ukingoni mwa mto Chindwin. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Keya, walishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, wakizama kwenye tope, malaria ikiwamaliza, na mapema Desemba wakafika Kalewa. Mvua ikawa imekatika. Wahandisi wakajenga pale daraja refu la kuelea, jeshi likavuka.

Nimeandika kadi kwa penseli, nimeiweka kwenye boksi pamoja na nyota:

"Nyota ya Burma. Utepe umebaki kipande. Imesuguliwa kwa majivu na mjukuu, uso umeharibika. Ilikuwa ya babu yetu wa Old Moshi, askari wa KAR. Makaratasi yake yalichomwa. Alifika Kalewa, kwa ushahidi wa ng'ombe wake, kama alivyosimulia binti yake wa kwanza, Jumamosi, nyumbani kwake, akiwa ameishika nyota hii mkononi."